Kansa za uzazi na mashirika yasiyo ya faida: maswali tunayoulizwa kila siku

Mimi ni wa kujitolea kwenye shirika lisilo la faida linalohusika na kansa za uzazi, si daktari, kazi yangu ni kujibu meseji na kupanga viti siku ya semina. Maswali yanayofuata ni yale yanayorudi kila wiki, mengine yanakuja kwa heshima, mengine kwa hasira, na yote yana haki ya kujibiwa.

Mkisema kansa za uzazi mnamaanisha ipi? Si ni ile ya mlango wa kizazi?

Hiyo ni mojawapo tu. Kuna ya mlango wa kizazi (wengine wanaita shingo ya kizazi), kuna ya mji wa mimba wenyewe, kuna ya ovari yaani vile vifuko vya mayai, kuna ya uke na kuna ya sehemu ya nje ya uke, halafu mirija ya uzazi nayo imo na nitairudia kwa sababu ina kisa chake. Watu wanazichanganya na madhara yake ni makubwa kuliko mnavyodhani, mtu anakuja anasema mi nilipima pap smia mwaka jana nikaambiwa safi kwa hiyo huku chini niko poa kabisa, kumbe pap smia inaangalia mlango wa kizazi, ovari haizioni kabisa.

Kwa takwimu za dunia za 2022, wanawake kama 660,000 waligundulika na kansa ya mlango wa kizazi na kama 350,000 walifariki kwayo. Mji wa mimba ni kama 420,000 waliogundulika, na vifo havikufika 100,000. Ovari waliogundulika ni wachache zaidi, kama 324,000, ila vifo vilipita 200,000. Angalia hizo mbili za mwisho kwa makini. Ya mji wa mimba mara nyingi inajitangaza mapema, damu inatoka wakati haitakiwi kutoka, mwanamke anashtuka anaenda hospitali. Ya ovari inakaa kimya au inajifanya gesi tumboni.

Serikali zipo, kampuni za dawa zipo. Shirika lisilo la faida linaongeza nini?

Swali zuri na jibu lake refu kidogo. Kampuni inaweka hela pale inapoona itauza. Serikali mara nyingi inataka mtafiti aje na ushahidi wa awali ndo impe ruzuku. Sasa yule kijana wa maabara mwenye wazo ambalo bado halina ushahidi wowote anaenda wapi? Hapo katikati ndo pengo lilipo na ndo mashirika mengi ya hisani yanapoingia, wanatoa ruzuku ndogo ya kuanzia, mwaka mmoja au miwili, mtafiti anapata matokeo ya kwanza halafu ndo anabisha hodi kwa wakubwa.

Mfano ninaoupenda ni olaparib, dawa ya kansa ya ovari. Jeni ya BRCA1 ilipatikana 1994 na BRCA2 mwaka uliofuata, mwanamke aliyerithi hitilafu kwenye mojawapo ana hatari kubwa ya kansa ya titi na ya ovari. Huko Cambridge kulikuwa na maabara ya Steve Jackson inayochunguza seli inavyorekebisha DNA yake ikiharibika, utafiti wa msingi tu, hela za Cancer Research UK, yaani hela za michango ya watu wa kawaida. Mwaka 2005 timu mbili zikaonyesha kwamba seli zenye hitilafu ya BRCA zikizibiwa protini ya PARP (inayosaidia kurekebisha DNA) zinakosa njia ya kujirekebisha na zinakufa, na moja ya timu hizo ilikuwa kwenye kituo kilichofadhiliwa na shirika la hisani la kansa ya titi. Mwisho wa 2014 dawa ikaidhinishwa kwa kansa ya ovari. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi toka jeni ipatikane, kisha uniulize tena kwa nini hatuwezi kukuahidi dawa ya mwaka kesho.

Halafu kuna vitu ambavyo havina faida kwa mtu yeyote, kwa hiyo bila wafadhili hakuna atakayevijaribu. Kupima kwa siki ni mfano. Nesi anachovya pamba kwenye asidi ya siki iliyozimuliwa, anapaka mlango wa kizazi, anasubiri kama dakika moja, sehemu yenye seli zisizo za kawaida inageuka nyeupe na anaiona kwa macho yake na tochi. Majibu unayapata ukiwa bado umelala pale pale kitandani. Sasa niambie nani atajitajirisha kwa siki? Mwaka 1999 mashirika matano, wakiwemo PATH, Jhpiego na EngenderHealth, yaliungana kwa fedha za Gates Foundation kupima kama njia kama hizi zinafaa pale ambapo maabara hazitoshi, na kazi ile imechangia sana njia hii kukubalika katika nchi nyingi. Sa hivi WHO (Shirika la Afya Duniani) inapendekeza kipimo cha HPV, yaani kile kirusi kinachosababisha kansa ya mlango wa kizazi, kiwe cha kwanza kwa sababu kinanasa zaidi, lakini siki ilishaokoa watu wengi wakati kipimo hicho hakijafika.

Hela yangu ikiingia inaenda wapi hasa?

Inategemea shirika, lakini sehemu kubwa huwa kwenye ruzuku za utafiti, mafunzo kwa wahudumu, elimu kwa jamii, na watu wa kumshika mgonjwa mkono. Hao wa mwisho hawatajwi sana. Ni mtu ambaye kazi yake ni kumpigia simu mama fulani kumkumbusha biopsi yake (kukatwa kipande kidogo cha kupimwa) ni Jumanne, kumuuliza kama ana nauli, kumweleza kwamba akienda kwenye mionzi asiogope ile mashine kubwa. Wanawake wengi wanapotea hapo katikati, kati ya kipimo na matibabu, si kwa sababu dawa haipo bali kwa sababu hakuna aliyewaambia waende mlango gani.

Kuna kitu kinaniudhi niseme tu. Mtu anatoa mchango anaandika "isitumike hata senti kwenye ofisi". Jamani. Friza ya kuhifadhia vipande vya uvimbe inakaa nyuzi 80 chini ya sifuri mchana na usiku, umeme ukikatika kuna mtu inabidi aamke. Mhasibu anayehakikisha hela haziliwi naye analipwa. Shirika lisilo na gharama ya uendeshaji kabisa mimi ndo ningelitilia shaka. Uliza asilimia ngapi na uliza kwa nini, ila usidai sifuri.

Na utafiti ukifeli? Si hela imekwenda na maji?

Hapana, na hapa naomba unisikilize vizuri. Uingereza walifanya utafiti mkubwa kweli wa kupima kansa ya ovari, uliitwa UKCTOCS, wanawake zaidi ya 200,000 waliokwisha koma hedhi, waliandikishwa kati ya 2001 na 2005, wengine wakapimwa kila mwaka kwa CA125 (kipimo cha damu) au kwa ultrasaundi, wengine hawakupimwa, wakafuatiliwa wote kwa miaka na miaka. The Eve Appeal, shirika la hisani la kansa za uzazi, lilikuwa mmoja wa wafadhili. Matokeo ya mwisho yakatoka 2021: vifo havikupungua. Kupima kwa CA125 kuliwagundua baadhi mapema kidogo, lakini idadi ya waliofariki haikushuka.

Inauma, watu walilia, lakini ni jibu. Bila lile jibu leo dunia nzima ingekuwa inawapima wanawake wazima kila mwaka, inawatisha, inawapeleka oparesheni ambazo hazikuhitajika. Kwa hiyo ukiona mtu anauza "full chekapu ya kansa za wanawake" na ndani yake CA125 kwa mwanamke asiye na dalili wala historia ya familia, jua hicho kipimo kinapanda hata kwa faibroidi, kwa endometriosi, hata kwa hedhi tu, na kinaweza kuwa chini wakati kansa ipo.

Sasa kama ovari haina kipimo, hizo kampeni zenu zinahamasisha nini?

Dalili, familia na mirija, kwa kifupi.

Dalili za ovari si za ajabu na ndo shida yake. Tumbo kujaa, maumivu ya tumbo au nyonga, kushiba upesi hata hujala, kukojoa mara kwa mara au ghafla. Nani hajawahi kujaa tumbo? Tunachofundisha ni tofauti: ni kitu kipya kwako, kinarudi siku nyingi ndani ya mwezi (watafiti wametumia kigezo cha zaidi ya mara 12 kwa mwezi), hakiishi na dawa za gesi. Hapo usikubali kurudishwa nyumbani na vidonge vya vidonda vya tumbo mara ya tatu.

Familia: kama mama, dada, shangazi au bibi alipata kansa ya ovari au ya titi, hasa akiwa bado mdogo, sema hospitalini bila kuulizwa. Na upande wa baba nao unahesabika, watu wanausahau, jeni hazijali ukoo wa nani. Kuna pia hali ya kurithi inaitwa sindromu ya Lynch, inapandisha hatari ya kansa ya mji wa mimba na ya utumbo mpana, kwa hiyo mjomba aliyekufa na kansa ya utumbo akiwa na miaka 40 naye mtaje.

Mirija ndo kisa nilichoahidi. Kwa muda mrefu tuliamini kansa ya ovari inaanzia kwenye ovari, ndo jina lake. Wataalamu wa patholojia walipoanza kuichunguza mirija ya wanawake wenye BRCA waliotolewa viungo kwa kujikinga, wakakuta vidoa vya kansa changa kwenye ncha ya mrija wakati ovari yenyewe haina kitu. Sasa inaeleweka kwamba ile aina mbaya na ya kawaida zaidi, nyingi zinaanzia kwenye mrija. Ndo maana 2023 Ovarian Cancer Research Alliance ya Marekani ikatoka hadharani kusema mwanamke aliyemaliza kuzaa na anafanyiwa oparesheni nyingine ya tumbo au nyonga, azungumze na daktari wake kuhusu kuiondoa mirija hapo hapo, ovari zibaki zinatengeneza homoni zake kama kawaida. Shirika lilisikiliza matokeo machungu ya UKCTOCS likabadilisha ushauri wake, na mimi huo ndo ninaouita utendaji.

Shirika hilo hilo lina programu ambapo wanawake waliougua wanaingia darasani kwa wanafunzi wa udaktari na uuguzi kusimulia walivyozungushwa. Unafikiri mwanafunzi aliyemsikia mama akieleza miezi minane ya "ni gesi tu" atamsahau siku mgonjwa mwingine anakaa mbele yake?

Chanjo ya HPV inafunga kizazi?

Hapana. Haifungi.

Inafanya nini basi: Harald zur Hausen, mwanasayansi wa Ujerumani, aliipata HPV aina ya 16 kwenye uvimbe wa mlango wa kizazi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha aina ya 18, na hizo mbili peke yake zinasababisha kama asilimia 70 ya kansa za mlango wa kizazi. Alipewa Nobel 2008. Chanjo ya kwanza iliidhinishwa 2006. Sweden walifuatilia wasichana na wanawake zaidi ya milioni 1.6, matokeo yakatoka 2020, waliochanjwa kabla ya miaka 17 walikuwa na kansa hiyo pungufu kwa asilimia 88. Chanjo haina kirusi hai wala DNA yake, ina ganda la protini tu, mwili unajifunza sura ya adui.

Kuhusu dozi moja au mbili, hilo nalo limejibiwa na hela za hisani. Kenya walifanya utafiti wa KEN SHE, wasichana 2,275 wa miaka 15 hadi 20, KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya) walishiriki na Dkt. Nelly Mugo alikuwa miongoni mwa waliouongoza, mfadhili Gates Foundation, na baada ya miezi 18 dozi moja ilikinga HPV 16 na 18 kwa asilimia 97.5. Desemba 2022 WHO ikakubali dozi moja kwa walio chini ya miaka 21, isipokuwa wenye kinga dhaifu kama wanaoishi na VVU ambao bado wanahitaji zaidi. Kwa nchi inayohangaika kununua chanjo, dozi moja maana yake wasichana mara mbili kwa bajeti ile ile.

Na ukichanjwa bado unapima ukifika umri. Chanjo haigusi kila aina.

90-70-90 naisikia sana, ndo nini?

Ni malengo ya WHO ya 2020 kwa kansa ya mlango wa kizazi, yafikiwe 2030. Asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa wakifika miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wapimwe kwa kipimo kizuri kabla ya 35 na tena kabla ya 45, asilimia 90 ya wanaokutwa na tatizo watibiwe. Hiyo 90 ya mwisho ndo ngumu na ndo haipigwi picha.

Riboni na fulana zinasaidia kitu kweli?

Kidogo. Septemba ni mwezi wa kansa za uzazi, Mei 8 ni siku ya dunia ya kansa ya ovari toka 2013, riboni ya ovari ni ile rangi ya kati ya kijani na bluu. Sina ugomvi na fulana, ninazo nne. Ugomvi wangu ni pale kampeni inapowaambia watu nendeni mkapime, wanaenda, wanakuta kipimo hakipo au kipo ila majibu yanachukua miezi. Hapo umemtia mtu hofu ukamwacha nayo. Kabla hatujabandika bango sehemu yoyote sisi tunauliza kwanza: atakayekutwa na tatizo anatibiwa wapi na nani analipa? Kama jibu halipo, bango linasubiri.

Lakini uhamasishaji ukishikwa vizuri unafika mbali. Marekani, Johanna Silver Gordon alifariki kwa kansa ya ovari mwaka 2000, dada yake Sheryl Silver akagundua Johanna alikuwa na dalili na hakujua ni dalili za nini. Akawasumbua wabunge mpaka ikapatikana sheria yenye jina la Johanna, ikasainiwa Januari 2007, serikali ikatakiwa kuelimisha wanawake na madaktari kuhusu kansa kuu tano za uzazi.

Nikikubali kutoa sampuli au kuingia kwenye utafiti, si nitakuwa panya wa maabara?

Hofu hiyo haikutoka hewani. Mwaka 1951 Henrietta Lacks, mama mweusi wa Marekani, alitibiwa kansa ya mlango wa kizazi pale Johns Hopkins, wakachukua seli za uvimbe wake bila kumuomba, akafariki Oktoba mwaka huo huo. Seli zake hazikufa. Zimezaliana maabara za dunia nzima mpaka leo zinaitwa HeLa, zimetumika kwenye chanjo ya polio na mambo chungu nzima, na baadaye zikakutwa na HPV 18 ndani yake. Familia ilikaa miaka zaidi ya 20 bila kujua, na fidia ya kwanza ya kampuni wameipata 2023.

Kwa hiyo uliza. Fomu ya ridhaa ni lazima uelezwe kwa lugha unayoielewa, una haki ya kwenda nayo nyumbani ukaisome, na una haki ya kujitoa siku yoyote bila matibabu yako kuguswa. Uliza sampuli itatunzwa wapi, nani ataitumia, jina langu litakuwepo? Na watu wanaoogopa "dawa feki" (vidonge visivyo na dawa ndani): kwenye majaribio ya kansa kwa kawaida dawa mpya inalinganishwa na matibabu bora yaliyopo au inaongezwa juu yake, huachwi hivi hivi wakati tiba inayofaa ipo.

Kwa nini mnataja viungo vya siri hadharani, mnashindwa kutumia lugha ya staha?

Swali hili wanauliza wanaume zaidi, na akina mama wa makamo. Nawaelewa. Lakini niwasimulie kitu kinachotokea karibu kila semina. Tukimaliza nauliza kuna swali, kimya. Watu wanaondoka. Naanza kukunja viti, na pale nyuma kuna mama mmoja hajaondoka, ananisaidia kukunja viti bila kuombwa, cha kwanza, cha pili, kufika kama cha sita ananiambia akiwa haniangalii, "mwanangu, na kama mtu hedhi ilishakoma miaka kadhaa, halafu ikarudi kidogo tu?" Ile "kidogo tu" ndo ninayoiogopa. Damu baada ya hedhi kukoma, hata tone, ni ya kuonwa na daktari, wengi inakuwa si kansa, lakini kati ya wanawake wanaopata kansa ya mji wa mimba kama 9 kati ya 10 walitoka damu isiyo ya kawaida. Yule mama alikosa neno la kusema "uke" mbele za watu, akasubiri viti. Sasa wangapi hawasubiri?

Nitajuaje shirika ni la kweli na si la kuchangisha na kupotea?

Omba hesabu zilizokaguliwa. Angalia kama wanataja waliowapa ruzuku na nini kilipatikana, pamoja na vilivyoshindikana. Angalia nani anachagua tafiti, panel ya wataalamu wa nje au mwenyekiti na shemeji yake. Wakikuambia wana tiba ya mitishamba inayomaliza kansa ya kizazi siku 21, kimbia. Wakikuharakisha utume hela leo leo, kimbia pia.

Na ujue hata lililo safi linaweza kufunga. Jo's Cervical Cancer Trust ya Uingereza ilihudumia wanawake zaidi ya miaka 20, ikafunga 2024 kwa kukosa fedha. Mchango mdogo wa kila mwezi unasaidia shirika kupanga kuliko mkubwa wa mara moja.

Sina hela. Naweza kufanya nini?

Msindikize mtu kupima, ukae naye kwenye benchi. Mtafsirie bibi yako fomu. Kama uliwahi kuugua na una moyo, mashirika mengi yanatafuta wagonjwa wa kukaa kwenye kamati zinazopanga tafiti, maana mtafiti anaweza kupanga watu waje kliniki kila wiki bila kufikiria kwamba wana watoto.

Nikiwaelezea dalili zangu mnaweza kuniambia kama ni kansa?

Hatuwezi, na ukikutana na anayeweza kupitia meseji usimwamini. Ila tutakuambia cha kubeba ukienda: karatasi yenye tarehe dalili zilipoanza, zinatokea siku ngapi kwa wiki, dawa ulizokwisha kupewa, na nani kwenye ukoo pande zote mbili alipata kansa gani na akiwa na umri gani. Karatasi hiyo mpe daktari mkononi, usiishie kumsimulia.